Dirisha ya Tatu na Kichwa ya Parfait

Bukavu, Ibanda, jeudi, chini ya dirisha

Kwa Papa Préfet des études, mukubwa wa shule, mu bureau yake

Concerne: dirisha ya tatu, upande wa barabara, yenye munataka kufunga na briques, ni kusema matofali, pamoja na malalamiko ingine yenye inaifuata

Papa Préfet,

Kwa heshima yote yenye mutu anaweza kubeba akiwa ameikala ku kiti ya plastiki, nakuya mbele ya utu wenu wa juu kuwaomba kitu moja: lundi yenye inakuya, fundi maçon akifika na briques zake, mumurudishe kwake. Ile dirisha anataka kufunga njo masomo yangu.

Najua munaniona kila siku na hamunijue. Mimi njo ule binti wa parasol ya jaune, ule mwavuli kubwa, anauzishaka unités za simu chini ya ukuta wenu. Naitwa Priscille. Asubui niko ku marché. Ikifika midi, saa sita, jua inageuka, kivuli inakuya ku ukuta wenu, na mimi nakuya na kivuli. Juu ya kichwa yangu iko dirisha ya tatu, na mu dirisha munatoka cours, masomo ya Prof Isidore.

Shule niliiacha ku Kamituga, wakati mama yangu alirudia Bukavu, na sikuingia mu darasa tena. Lakini serikali ilifikiria batu kama mimi, ikatupatia jina ya muzuri: autodidacte. Maana yake unajifundisha peke yako, na siku ya Examen d'État, ile Exetat, unaikala ku banc moja na banafunzi ba kweli, karatasi ile ile mbele yenu bote. Mimi nilijiandikisha mu Biologie-Chimie. Ile option ya masomo sikuiokota mu njia. Imeandikwa na rangi ya bleu ku ukuta wenu, lettres kubwa kuliko mimi. Nilijiambia: Priscille, biologie iko inakuangukia ku kichwa bure, utembee ya nini?

Tangu mwezi ya tisa sijakosa hata siku moja. Mwanafunzi Parfait alikosa, mwenzake Gisèle alikosa, Prof Isidore mwenyewe alikosa. Mimi, hapana. Hata malaria niliigonjwa pale pale, ku kiti.

Tena kuko neno ya tonton Philémon, ndugu ya mama yangu. Iko na resto ku Kamituga, kwenye bachimbaji ba dhahabu banakulaka. Alituma habari: kama Priscille anapata diplôme, nitamusaidia ku université, aende kuwa munganga. Kama anaanguka, anapanda moto, ile pikipiki, anakuya kupika fufu kwangu. Papa Préfet, ile barabara munaijua, na fufu yangu inakuwaka na mabonge. Kwa hiyo hii haiko neno ya dirisha tu.

Basi siku ya mardi sentinelle, mulinzi wenu, akanichungulia mu dirisha, anacheka: "Mama Unités, aga dirisha yako! Lundi tunaizika." Anasema directeur de discipline aliona banafunzi bananunuaka unités mu cours, mukono inatoka, mukono inaingia. Uongo mutupu. Mimi nauzishaka wakati ya recré, ya mapumuziko tu, isipokuwa kama mutu iko na urgence.

Njo maana naandika. Na kwa vile karatasi bado iko na nafasi, naweka na malalamiko yenye nilikuwa nalinda mu roho. Sababu, kusema ukweli, mbele ya kufunga dirisha mungetengeneza kwanza cours yenye inapita ndani yake.

1. Sauti ya Prof Isidore. Wakati anaita majina, iko na sauti ya mutu anauzisha samaki. Akifika ku définition, ile sauti inaingia mu shati. Tena anapendaka kutembea upande wa mulango, sawa vile kule njo kuko batu ba maana. Naomba mumuambie: mugongo ku mulango, kinywa ku dirisha. Hii haiombi bajeti.

Na mvua. Siku moja alikuwa anaanza kueleza vile mimba inakuya, mvua ikaanguka ku tôles za mabati, mvua ya Bukavu, munaijua. Nikashika parasol na mikono mbili, nikatega masikio: hakuna. Wakati mvua ilinyamaza, mutoto alikuwa ameshazaliwa na alikuwa ananyonya. Papa Préfet, mimba muzima ilipita mu ile mvua! Mimi najua mwanzo, najua mwisho. Kama Exetat inaniuliza katikati, nitaandika: ilikuwa inanyesha.

2. Kichwa ya Parfait. Hii njo kubwa. Parfait anaikalaka ku banc ya karibu na dirisha. Ni kijana mupole, ananunuaka unités za kumupigia mama yake, sina neno naye. Neno niko nayo ni ya nywele. Zinasimama, zinapanuka, zinakuwa sawa kikapo ya makaa yenye banaigeuza. Nikisimama juu ya kiti yangu, zinafunika nusu ya tableau, ya ubao, ile ya kushoto. Na ku kushoto njo kwenye baprof banaandikaka titre, jina ya somo. Mimi naonaka ya kuume tu: croquis, michoro, mishale, majina, muzuri kabisa. Titre, hata moja, tangu mwezi ya tisa. Niko sawa mutu mwenye anafika ku kilio, analia na bengine, anajua vile marehemu alikuwa anakula, vile alikuwa analala, ugonjwa gani ilimushika, na hajue nani alikufa.

Prof naye hasaidie. Anasemaka tu "sujet". Sujet anakula, sujet anakunywa, sujet anavimba tumbo. Kama ni mwanamuke, anasema "femelle", sawa ya mbuzi. Mwanzoni ilinishangaza, kisha nikaelewa kama ni heshima ya science: science haiite mutu "mutu", isikuye ikamuonea huruma.

Siku moja nikamuita pole-pole kupitia dirisha: "Parfait, inama kidogo, kaka." Akainama. Akainama muzuri, akalala. Prof akamuona, akamusimamisha mpaka mwisho wa cours. Na Parfait akisimama, Papa Préfet, hata kuume haionekane.

3. Cours na mwili ya batu habipatane. Naogopa kusema hii, lakini naisema. Cours inasema tumbo ya sujet iko na byumba bine. Inasema chakula inashuka, inapumuzika kule, kisha inarudia mu kinywa, sujet anaitafuna tena akiwa amelala kimya. Inasema mbele, upande wa juu, sujet hana meno. Mimi siko mujinga: nilichukua kioo, nikafungua kinywa. Meno ile pale, mbele, juu, yote. Nikamuomba mama afungue kinywa. Meno. Ile wiki sikukula muzuri.

Halafu Gisèle, ule wa banc ya nyuma ya Parfait, akauliza swali ya akili ku mambo ingine, na Prof akamujibu, siku ile sauti ikatoka mu shati: "Muandike vile iko ku tableau, hapana vile munawaza! Ku Exetat banakosoaka tableau, habakosoe mawazo!" Basi nikaweka kioo chini. Mimi ni nani wa kubishana na programme ya taifa? Nikaandika mu cahier: meno ya mbele ya juu, hakuna. Zile niko nazo ni kosa ya familia yetu.

Lakini avenue yetu, ule mutaa wote, haikusoma, na shida inaanzia pale. Papa Polycarpe, bailleur wetu, mwenye nyumba, alikula maharagi ya jana, akaongeza na ndizi, tumbo ikavimba sawa ngoma. Mimi cours ya ile wiki ilikuwa bado moto mu kichwa, neno kwa neno. Nikamupeleka ku ngazi za avenue, munajua vile inapanda kwetu. Nikamuweka mikono ku ngazi ya juu, miguu ku ya chini, uso ku kilima. Nikamusugua ubavu wa kushoto na ngumi. Nikamunywesha mafuta ya kupikia, kisha nikamutembeza, niko namupiga-piga mugongo, batoto banatufuata banaimba. Tumbo ilishuka, ndiyo. Lakini bitu bingine byote bilishuka pamoja nayo, na batu banaangalia. Tangu siku ile ananiita "Docteur Ngazi". Nikipita, anashika mukaba.

Binti yake, Clémence, akazaa. Nikaenda kumupongeza kama kila mutu, na sabuni yangu mu mukono. Nikauliza kwa uzuri: "Mutoto alikawia kusimama?" Nikaeleza kama mutoto wa afya anasimama mbele ya saa moja kuisha, anatafuta maziwa peke yake, na mama anapashwa kumulamba mwili yote, damu itembee. Shangazi ya Clémence akanitosha inje na ufagio, anauliza: "Wewe, mwanangu, ile shule yako iko ku ukuta gani?" Papa Préfet, nikamuonyesha yenu.

Mutu moja tu ananiheshimu, naye hakai mu avenue. Ni Muzee Mugisho, ndugu ya Papa Polycarpe, anafuga ku Walungu. Siku ya ngazi alikuwa amekuya kuona bandugu. Bote banacheka, yeye hacheke. Anaangalia tu vile niko nasugua ubavu wa kushoto. Akauliza: "Mafuta kiasi gani, binti yangu?" Nikamuambia. Siku zikapita, akanitumia mashanza, ile maziwa ya kuganda, kibuyu muzima: ngombe yake ilivimba tumbo, akaifanyia cours yangu, ikasimama, ikaanza kukula majani. Ile mashanza niliikula na uchungu. Yaani ngombe inaelewa biologie ya humanités, ya sekondari, mbele ya Papa Polycarpe!

4. Interro yenye balininyanganya. Mwezi yenye ilipita, Prof akauliza darasa: chumba ya tatu ya tumbo inaitwaka nani? Darasa kimya sawa kanisa siku ya lundi. Mimi, inje, nilikuwa nauzishia maman moja unités, kinywa ikafunguka yenyewe: "Feuillet!" Prof akageuka, akaona Parfait karibu na dirisha, akasema: "Très bien, Parfait!" Points zangu ziko ku bulletin ya Parfait mpaka leo. Yeye mwenyewe aliona haya, akaninunulia beignet, andazi moja. Lakini beignet haiingie ku moyenne ya points. Naomba munipatie bulletin, hata ya nusu. Ile nusu ya kuume.

5. Briques zenyewe. Kama munapashwa kufunga, mufunge kwa akili. Muache nafasi ya brique moja mbele ya macho yangu. Kama hiyo haiwezekane, Parfait aende ku banc ya mulango na muweke kioo kubwa ku ukuta wa nyuma. Kama kioo hakuna, mutoe ukuta yote, sababu kama tunaangalia muzuri, ukuta njo ilianza hii fujo, dirisha ilikuwa inatengeneza tu.

Tena, mbele ya Exetat, mutume délégation ku avenue yetu, na drapeau ya inchi, na fanfare ya ngoma kama iko, mukusanye batu, muwaeleze rasmi kama Papa Polycarpe iko na byumba bine mu tumbo, na kama mutoto ya Clémence iko nyuma ya programme. Avenue ikikataa, naomba avenue irudie mwaka.

Papa Préfet, musiseme huyu binti anachezea. Dirisha ingine sina. Nilitafuta: ku shule zingine iko juu sana, ao kuko imbwa. Siku Prof alieleza vile moyo inasukuma damu, inaituma ku mapafu, inaipokea, inaituma tena, na haijapumuzika hata siku moja tangu ulizaliwa, niliweka mukono ku kifua yangu. Mutu alikuwa mbele yangu anataka unités, anasema "Dada, niko na haraka." Nikamuambia: ngoja, niko nasikia. Alifikiri niko nasikia simu. Sikukuwa na simu ku sikio. Nilikuwa nasikia ndani. Ile siku njo nilijua kama resto ya tonton Philémon haitaniweza. Sasa mutu akifunga pale na ciment, atakuwa amefunga nini? Mujibu wenyewe.

Munisalimie Madame na batoto, Prof Isidore na koo yake, sentinelle na kicheko yake, directeur de discipline hata yeye, na ule mwenye alipaka option ku ukuta na rangi ya bleu: maandiko yake njo iliniita. Mupokee heshima ya mwanafunzi wenu mwenye iko chini yenu kabisa, upande wa barabara.

Priscille,
autodidacte, dirisha ya tatu

Copie kwa: Prof Isidore, Parfait (asome akiwa ameinama), Papa Polycarpe, kama atakubali kufungua mulango.

P.S. Papa Préfet, enveloppe ilikuwa tayari na mate juu yake, nimeifungua tena. Leo vendredi directeur de discipline amemutuma Parfait kunyoa. Amerudia, kumbe kichwa yake ni kidogo sawa ndimu. Na mimi, mara ya kwanza tangu mwezi ya tisa, nimeona kushoto. Titre, lettres kubwa, mistari mbili chini: LA VACHE LAITIÈRE, SUITE.

Ngombe ya maziwa. Na suite, Papa Préfet! Inaendelea! Tangu mwezi ya tisa ilikuwa inaendelea!

Nimemuuliza Parfait kupitia dirisha. Amecheka mpaka banc imeanguka naye. Anasema nyinyi na Biologie-Chimie yenu munasomeshaka asubui, midi munafunga bureau munaenda kwenu. Kisha ya midi nyumba inakuwa ya institut ingine, ya vétérinaire, ya banganga ba mifugo, yenye haina hata rangi ya kuandika jina yake ku ukuta. Maana yake ule directeur de discipline haiko wenu, Prof Isidore haiko wenu, na nyinyi hamuko hata Préfet ya malalamiko yangu. Naomba mumupatishe mwenzenu hii barua. Ukuta, Parfait anasema, ni yenu. Neno ya briques ibaki kwenu.

Mufute lalamiko ya 3 yote. Délégation isikuye. Papa Polycarpe iko na chumba moja. Nimeenda kumuambia na kumuomba radhi. Akaniuliza, kupitia mulango, kama safari hii niko na hakika.

Nimeikala chini ya parasol, naona fufu ya Kamituga inanikaribia na mabonge yake. Simu ikalia: Muzee Mugisho. Ngombe ya jirani yake imezaa, maziwa inatoka mingi, lakini inalala tu, inakataa kusimama, masikio baridi. Sikufungua hata cahier. Nikamuambia: maziwa imebeba calcium yote ya damu, muite mwenye sindano mbio, na kwa kungoja mumulalishe ku kifua, hapana ku ubavu. Haikukawia, akanipigia tena. Imesimama. Akasema: "Asanti, Docteur." Hakuweka Ngazi.

Basi nimekimbia ku bureau ya kujiandikisha mbele haijafunga, nimefuta Biologie-Chimie, nimeandika Vétérinaire. Tonton Philémon alisema munganga. Hakusema wa nani.

Kwa hiyo briques muziweke, siwakataze tena. Lakini muziweke asubui. Ikifika midi muzitoe, sababu bado tuko ku suite.

Mutoto ya Clémence hajasimama. Nimepita kumuangalia kwa dirisha yao. Nimemuambia: "Pole-pole, haraka hakuna."